Bodi Haikufa

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeketi mbele ya mashine isiyojibu, mezani ana oda za watu na kichwani ana deni. Nimekuwa mtu huyo. Namshukuru Mungu nilivuka, na nitaeleza nilivyovuka kwa undani, pamoja na majina ya chipu na namba zake, maana ushuhuda unaosema tu kwamba nilihangaika nikafanikiwa haumsaidii fundi aliyekwama usiku wa leo.

Mimi ni mchongaji wa vibao Keko, Dar es Salaam, katikati ya mafundi wa samani. Nachonga majina ya milangoni, sinia za mninga, mbao za kukatia mboga zenye majina ya maharusi, na ngao za mahafali. Nilianza kwa patasi na nyundo ya mti, chini ya mzee seremala ambaye mpaka leo karakana yake inapakana na yangu. Mashine ilikuja baadaye, kwa mkopo wa kikoba. Ni ile ndogo ya CNC inayojulikana kwa namba 3018, kwa kuwa eneo lake la kazi ni milimita 300 kwa 180. Ina mota tatu za hatua zinazozungusha skrubu ndefu: moja ya kulia na kushoto, moja ya mbele na nyuma, moja ya juu na chini. Ina mota ya nne, ya volti 24, inayozungusha biti. Nyuma yake imefungwa bodi ndogo inayopokea maagizo ya kompyuta kwa waya wa USB. Wauzaji huitangaza kuwa ni mashine ya kujifurahisha nyumbani. Kwangu ilikuwa inalipa kodi ya pango na ada ya shule.

Msomaji asiyeijua bodi hiyo anivumilie kidogo, kwa sababu karibu kila kilichonipata kilitokea ndani ya eneo linaloweza kufunikwa na kiganja. Bodi ina chipu mbili za kuzijua. Ya kwanza ni CH340, nayo ni mkalimani: upande mmoja inazungumza USB na kompyuta, upande wa pili inapitisha herufi moja baada ya nyingine kwenda kwa chipu ya pili. Hiyo ya pili ni ATmega328P. Kumbukumbu yake ya programu ni kilobaiti 32 tu, na ndani ya hizo inakaa fimwea, yaani ile programu isiyotoka kwenye chipu hata ukizima umeme, inayogeuza maagizo kuwa mwendo wa mota. Fimwea ya mashine nyingi za aina hii ni Grbl. Ilianzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norwei, kisha Sungeun Jeon akaiendeleza kwa miaka mingi, nayo hutolewa bure kwa yeyote kuitumia na kuibadilisha. Watu wale wawili hawanijui, lakini mimi huwaombea. Mashine ikiwa nzima, ukifungua mawasiliano tu chipu hujianzisha upya na kutuma salamu: jina Grbl, namba ya toleo, ambalo kwangu lilikuwa la 1.1, na neno kwamba alama ya dola italeta msaada. Salamu hiyo nilikuwa naiona kila asubuhi kabla ya kazi.

Kisha laptopu yangu ya zamani ikafa. Shemeji alinihurumia akanipa yake, iliyokuwa na Linux, wakati msimu wa mahafali umeshafika na malipo ya awali ya ngao za shule moja nimeshayanunulia mbao. Niliweka Universal Gcode Sender, programu ninayotumia kutuma maagizo, nikachomeka waya. Taa ya bodi iliwaka vizuri. Kwenye orodha ya poti hapakuwa na kitu. Nilichomoa, nikachomeka upande mwingine, nikazima na kuwasha. Hapakuwa na kitu.

Nikaipeleka kwa fundi wa elektroniki mjini. Aliichomeka kwenye kompyuta yake, nayo haikuiona, akasema, "Dada, bodi imekufa. Fimwea imeharibika." Nikamuuliza, "Kaka, umejuaje?" Akaniambia hizi zote ndivyo zilivyo. Akaunganisha kifaa chake kwenye zile pini sita zilizo pembeni ya bodi, akaifuta chipu, akamimina faili alilokuwa nalo, la bodi ya aina nyingine. Mashine ikarudi Keko ikiwa bubu kuliko ilivyoondoka.

Nilikuja kufahamu baadaye kwamba siku ile nilipoibeba kwenda kwake, bodi haikuwa na tatizo lolote. Kompyuta yake haikuwa na draiva ya CH340, kwa hiyo isingeiona hata ingekuwa mpya kutoka kiwandani. Laptopu ya shemeji nayo ilikuwa na sababu yake, nitaieleza. Ni kama mgonjwa aliyemeza dawa ya malaria bila kupimwa damu. Bodi nzima ilitiwa ugonjwa na tiba. Na sasa makosa yalikuwa mawili, moja kwenye laptopu na jingine kwenye chipu, na hapo ndipo ilipokuwa taabu yenyewe. Makosa mawili yakikaa kwenye njia moja, ukiliondoa moja huoni tofauti yoyote. Unadhani ulichofanya hakikusaidia, unakirudisha kama kilivyokuwa, na unaanza kuzunguka. Mafundi wengi hukata tamaa hapo, na bodi nyingi nzuri huishia kwenye makopo ya takataka.

Siku zile zilikuwa ngumu. Kikoba kina marejesho yake na faini zake, na wanakikundi wenzangu ni akina mama wanaoamka alfajiri kama mimi. Sikutaka deni langu liwe hadithi ya kikao. Nilimwendea mwalimu mkuu nikamweleza ukweli, akanisogezea siku. Kisha nikaenda kwa jirani yangu, yule mzee seremala. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, mbona uso umekushuka?" Nilipomaliza kumweleza hakunipa pole ndefu. Alifungua sanduku lake akatoa patasi zake nyembamba, zile asizomwazima mtu, akachukua nusu ya ngao. Tulichonga kwa mkono mchana, taratibu, herufi baada ya herufi, na zile za kwanza zikaenda shuleni. Msaada ule ulinipa kitu ambacho fedha isingeninunulia kwa wakati ule: usiku mtulivu wa kuikabili mashine bila kukimbizwa.

Nilichukua karatasi nikachora njia yote ambayo agizo husafiri. Kompyuta, waya, CH340, ATmega, draiva za mota (zile zilizo kwenye bodi, zinazozisukuma mota), mota. Chini ya kila jina niliandika swali moja: hapa pakiwa pazima, nitaona nini? Nilijiwekea sharti la kutosogea kituo kinachofuata mpaka kilichotangulia kimejibu. Kama kuna kitu kimoja kilichoniokoa, ni karatasi ile.

Waya ulikuwa rahisi. Nyaya nyingi zinazouzwa ni za kuchajia tu: ndani zina waya mwekundu na mweusi wa umeme, na zile mbili za data, za kijani na nyeupe, hazimo. Taa itawaka na mazungumzo hayatakuwepo. Bodi yangu hutumia kichwa kile cha mraba cha printa, kwa hiyo nilikwenda duka la kudurufu la jirani nikaazima waya wa printa iliyokuwa ikichapa karatasi mbele ya macho yangu. Waya huo sikuwa na haja ya kuushuku. Wenye mashine zinazokuja na rimoti ya mkononi yenye kioo wakumbuke pia kuichomoa wanapotumia kompyuta, maana kwenye bodi nyingi rimoti na USB huingilia mlango mmoja wa ATmega, na viwili haviwezi kusema kwa pamoja.

Kituo cha CH340 kilinishangaza. Kwenye Linux kuna amri ya lsusb inayoorodhesha vyote vilivyochomekwa kwa USB. Niliiandika, na katika orodha nikaiona namba 1a86:7523. Hiyo ni namba ya CH340. Nililia kidogo, sioni haya kusema, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu niambiwe bodi imekufa, kitu fulani ndani yake kilikuwa kimejitambulisha. Sasa swali likawa jingine: kama kompyuta inaiona, mbona poti haipo?

Usiku ule nilimpigia simu mtoto wa dada yangu, anayesoma elektroniki chuoni. Akaniambia, "Mama mdogo, chomoa, chomeka, halafu andika dmesg unisomee mistari ya mwisho." Amri hiyo huonyesha kumbukumbu za kiini cha mfumo, kila kilichotokea tangu kompyuta iwashwe. Nilimsomea polepole. Mstari mmoja ulisema CH340 imepatikana na kupewa poti iitwayo ttyUSB0. Uliofuata ulitaja jina ambalo sikuwahi kulisikia, brltty. Na uliofuata huo ulisema kifaa kimetenganishwa na ttyUSB0. Vyote ndani ya muda usiotosha kupepesa macho. Poti ilikuwa inazaliwa na kunyang'anywa papo hapo.

Hii brltty ni programu ya heshima. Inawasaidia wasioona kusoma skrini kwa vidole, kwa kuipeleka kwenye vifaa vinavyoinua na kushusha nukta nundu. Baadhi ya vifaa hivyo vimejengwa kwa mkalimani yuleyule, CH340, na kwa hiyo vina namba ileile, 1a86:7523. Programu iliyokuwa kwenye laptopu ile ilipoona namba hiyo ilidhani mtu asiyeona amechomeka kifaa chake, ikakimbilia kukishika ili kimhudumie, na mchongaji akabaki bila poti. Sikuweza kuikasirikia. Nyumbani kwetu hakuna anayetumia kifaa cha nukta nundu, kwa hiyo niliiondoa. Lakini narudia kwa msisitizo: kama kompyuta yako inatumiwa na mtu anayeitegemea, usimnyang'anye macho yake kwa ajili ya mashine. Kwenye faili la kanuni za udev la programu hiyo (udev ni sehemu ya Linux inayosimamia vifaa vinavyochomekwa) tafuta mstari wenye namba 1a86:7523. Uzime huo peke yake, na vifaa vyenye namba nyingine vitaendelea kuhudumiwa. Tena hakikisha kwanza kwamba kifaa chake hakina namba hiyohiyo.

Baada ya hapo ttyUSB0 ilibaki mahali pake. Programu ililalamika kwamba sina ruhusa ya kuifungua, nikaliongeza jina langu kwenye kundi la dialout, nikatoka na kuingia upya kwenye akaunti, na mlango ukafunguka. Nikasubiri salamu ya Grbl.

Haikuja. Nilijaribu kasi ya 115200, ambayo ndiyo ya Grbl 1.1, nikajaribu 9600 iliyokuwa ya matoleo ya zamani. Kimya. Hapa ndipo ningeweza kusema kumbe brltty haikuwa tatizo, fundi yule alikuwa sahihi, bodi imekufa. Karatasi yangu ndiyo iliyonizuia. Kituo cha CH340 kilikuwa kimejibu nusu ya swali: kompyuta inakiona. Sikuwa bado na uhakika kwamba herufi zinatoka upande wa pili.

Kuna kipimo cha kulijua hilo, na natamani kifundishwe katika kila karakana, maana hakigharimu chochote. Unaunganisha pini ya RESET na GND kwa waya mfupi, ili ATmega ishikwe isiweze kusema lolote. Kisha unaunganisha TX na RX, yaani pini ya kutuma na pini ya kupokea. Sasa kila herufi inayotoka kompyuta inapita waya, inapita CH340, inafika mwisho wa njia, na kwa kuwa TX na RX zimeungana inageuka na kurudi ilikotoka. Unafungua poti, unaandika. Ukiona ulichoandika kinarudi, basi kompyuta, waya, draiva na CH340 vyote ni vizima, na huna haja ya kuvigusa tena. Kisiporudi, tatizo liko kabla ya ATmega. Niliandika jina la mwanangu. Likarudi lote, bila herufi kupotea.

Kwa hiyo kilichobaki ni ATmega pekee, na nilijua nani aliigusa mwisho. Chipu iliyofutwa haijafa, ni tupu. Tatizo ni kwamba iliyofutwa kabisa hupoteza pia kile kijiprogramu cha mwanzo kinachopokea fimwea mpya kupitia USB, kwa hiyo ukijaribu kuipakia kwa njia ya kawaida kompyuta itakuambia mara kwa mara kwamba haisikilizani nayo, na wasiojua watasema tena imekufa. Mlango uliobaki ni zile pini sita alizozitumia fundi.

Mtoto wa dada alikuja Jumapili na Arduino Uno yake ya masomo. Arduino nayo ina ATmega328P, na inaweza kuwekewa programu iitwayo ArduinoISP ikawa kifaa cha kuandikia chipu nyingine. Tuliunganisha nyaya sita, MISO, MOSI, SCK, RESET, volti 5 na GND, na kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya RESET na GND ya Uno ili isijianzishe upya katikati ya kazi. Kabla ya hapo nilizima umeme wa volti 24 na kuitoa biti. Naomba usikipite hiki haraka. Pini ya MOSI ya chipu ndiyo pini ya 11 kwa hesabu ya Arduino, na katika Grbl 1.1 pini hiyohiyo ndiyo inayoamuru mota ya biti izunguke. Unapoandika chipu, pini hiyo inapanda na kushuka maelfu ya mara. Ukiacha umeme mkubwa umewaka, biti inaweza kuanza kuzunguka karibu na vidole vyako.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kusoma saini ya chipu. Kila aina ina yake. Ya ATmega328P ni 1e950f. Ndugu yake 328PB, anayepatikana kwenye baadhi ya bodi, ni 1e9516, na programu itakataa ukimtaja mmoja kwa jina la mwingine. Ilipotokea 1e950f kwenye skrini, kijana alinitazama akasema, "Mama mdogo, hii haina shida yoyote." Tukarudisha kijiprogramu cha mwanzo, tukatoa nyaya zake, tukachomeka USB, tukapakia Grbl 1.1 kutoka kwenye msimbo wake wa asili kama mfano ulio ndani ya maktaba ya Grbl unavyoelekeza. Nikafungua poti. Salamu ikaja.

Ilikuja pamoja na error:7, na nilijua maana yake kwa kuwa nilikuwa nimesoma: Grbl imekuta hifadhi ya mipangilio haisomeki, imeijaza kwa namba zake za kawaida. Fundi alipoifuta chipu alifuta pia namba za kiwandani za mashine yangu, wala hakunakili hata moja. Kwa hiyo niliagiza mhimili wa X, ule wa kulia na kushoto, usogee milimita 100, nikaweka rula. Ulisogea 31 na ushei.

Wengi wakifika hapa hutafuta namba za watu wengine na kuzibandika. Mimi nawaomba wapige hesabu, kwa sababu ni fupi na ukishaielewa hutaisahau. Mota ya hatua ya kawaida hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Draiva zangu hugawa kila hatua mara 16, kwa hiyo mzunguko mmoja ni 3200. Skrubu ya mashine yangu inasogeza meza milimita 4 kwa mzunguko. Gawanya 3200 kwa 4, unapata 800: hizo ndizo hatua za milimita moja. Grbl ya kawaida huweka 250. Na 250 kwa 800, ukizidisha kwa 100, ni 31.25, kile kile rula ilichoniambia. Siwezi kueleza furaha ya kuona hesabu na mbao vinakubaliana. Niliandika mipangilio ya mihimili yote mitatu, $100=800, $101=800, $102=800, nikapima tena, rula ikasema 100.

Namba nyingine nilizijenga kwa mkono. $3 ilinyoosha mhimili uliokuwa unakwenda kinyume. Kasi na mchapuko nilivipandisha kidogo kidogo mpaka mota zilipoanza kuruka hatua, kisha nikarudi nyuma. $130 hadi $132 nikazipa vipimo halisi vya meza.

Nilidhani nimemaliza. Nikaweka ubao wa mkangazi, nikaanzisha ngao, na mara biti ilipoanza kuzunguka mawasiliano yakakatika. Safari hii sikuogopa. Bila biti kuzunguka mashine ilichora hewani saa nzima bila mawasiliano kukatika; biti ikizunguka, yalikatika. Nikaandika dmesg, na kiini cha Linux kikawa kimeandika kwamba poti imezimwa na kitovu cha USB, na pembeni herufi tatu zenye alama ya kuuliza: EMI? Kompyuta yenyewe ilikuwa inauliza kama kuna muingiliano wa sumaku-umeme. Na ulikuwepo. Mota ya biti ni ya brashi za kaboni, na brashi zikizunguka hutoa cheche ndogo ndogo zisizokoma. Kila cheche hurusha kelele ambazo waya wa USB huzidaka. Nilitenganisha waya wa mota na waya wa USB, ambazo awali zilifungwa pamoja kwa utepe. Nilisokota nyaya mbili za mota pamoja. Nilichomelea kapasita ya nanofaradi 100 katika miguu ya mota. Nikanunua waya mfupi wa USB wenye ganda la chuma ndani na kile kidude kinene cha feriti mwishoni. Mwisho nikachomoa chaja ya laptopu nikafanya kazi kwa betri, maana chaja nayo huweza kufungua njia ya pili ya umeme kupitia waya wa ardhi. Sijui ni kipi kati ya hivyo kilikuwa na nguvu zaidi na sikutaka kuvitoa kimoja kimoja ili nijue. Oda ilikuwa inasubiri. Mawasiliano hayakukatika tena.

Ngao zilizobaki zilitoka kwenye mashine, nikazipeleka shuleni ndani ya siku nilizoongezewa. Ukizitazama kwa makini utazijua zile alizochonga mzee: herufi zake zina uhai ambao mashine haina, na mwalimu mkuu aliziomba hizo ziwe za wanafunzi bora. Deni la kikoba nimelimaliza. Tangu hapo nimeletewa bodi za mafundi wenzangu zilizosemwa zimekufa. Zipo zilizokufa kweli, zilizochomwa kwa kugeuza umeme wa kuingilia, na hizo husema wazi: saini haisomeki, chipu inapata moto hadi haishikiki. Lakini nyingi zilikuwa na waya wa kuchajia, au draiva haikuwekwa, au rimoti ilisahauliwa imechomekwa.

Wewe uliye na mashine hii na inafanya kazi, nakuomba jambo moja, na ulifanye leo kabla haijakusumbua. Fungua programu yako, andika $$ ubonyeze kitufe cha kuingiza, na unakili kila namba itakayotokea kwenye karatasi, kisha andika $I unakili na toleo la fimwea. Ibandike karatasi hiyo ndani ya kifuniko cha mashine. Na wewe ambaye yako imenyamaza, usimruhusu mtu yeyote afute chipu kabla hujaunganisha RESET na GND, TX na RX, ukaandika jina lako na kuona kama linarudi.